GPS ya gari: anayenunua aanze na ramani, jina la kampuni lifuate

Mfanyabiashara wa samaki anayeondoka Lubumbashi alfajiri na masanduku ya barafu nyuma ya gari ana hesabu moja kichwani: afike kando ya ziwa Tshangalele mapema, anunue, arudi sokoni kabla barafu haijaisha. Dereva wake akiwa mgeni wa njia hiyo, anaandika neno moja ndani ya chombo cha GPS: Kapolowe. Chombo kinamwongoza vizuri juu ya lami ya barabara ya kitaifa namba 1, kisha kinatangaza kwamba safari imekwisha. Dereva anatazama huku na huku. Reli anaiona, maduka anayaona, lakini maji hayaoni.

Amefika Kapolowe-Gare, penye kituo cha treni. Wavuvi na mitumbwi yao wako Kapolowe-Mission, kando ya ziwa. Kila mkaaji wa eneo la Kambove anajua kwamba hizo ni sehemu mbili. Chombo hakikujua, ao kilijua lakini kiliweka jina moja juu ya orodha, na dereva akaligusa bila kusoma la pili. Muda umepotea, na barafu haisubiri mtu.

Kosa la namna hii ndilo linalofaa kutangulia katika mazungumzo yote juu ya kununua GPS ya gari. Katika maduka ya Likasi na Lubumbashi, na zaidi kati ya watu wanaotumiwa vyombo na ndugu zao walio Ulaya, swali la kwanza huwa ni jina la kampuni na ukubwa wa kioo. Garmin ao TomTom? Inchi tano ao saba? Maswali hayo yanapashwa kuja mwisho. La kwanza ni hili: ramani iliyo ndani inajua nini kuhusu njia ambazo gari litapita, na je, mwenye chombo anaweza kuibadilisha yeye mwenyewe? Chombo ambacho hakina jibu kwa swali hilo, hata kikiwa kipya na cha bei kubwa, hakifai kununuliwa kwa kazi ya Haut-Katanga.

Satelaiti haijui jina la kijiji

Watu wengi huchanganya vitu viwili: satelaiti na ramani. GPS kwa maana yake halisi ni mfumo wa Marekani wenye satelaiti zisizopungua 24, zinazozunguka dunia kwenye urefu wa kilomita karibu 20.000. Ulianza kufanya kazi kamili mwaka wa 1995. Hadi mwezi wa tano mwaka wa 2000, Marekani ilikuwa inapunguza kwa makusudi usahihi wa alama ambazo raia wanapokea. Ilipoacha kufanya hivyo, mtu wa kawaida akaanza kujua mahali alipo kwa tofauti ya mita chache tu. Leo vyombo vingi vinapokea pia alama za satelaiti za Urusi, za Ulaya na za China, zinazoitwa GLONASS, Galileo na BeiDou.

Huduma hiyo hailipiwi. Haiombi kadi ya simu wala mega za intaneti. Chombo kinapokea tu, sawa vile redio inavyopokea bila kujibu. Ndiyo maana katikati ya pori la miombo upande wa Mwadingusha, mahali ambapo simu imekosa mtandao kabisa, GPS bado inajua iko wapi.

Lakini kinachoshuka kutoka angani ni saa na mahali satelaiti ilipo, basi. Hakuna satelaiti inayotuma jina la kijiji, wala habari za daraja lililovunjika, wala habari za njia iliyofungwa na maji. Hayo yote, kama yapo, yako ndani ya ramani, na ramani ni faili iliyoandaliwa na watu siku fulani, kisha ikawekwa ndani ya chombo. Kama watu hao hawakuwahi kupata habari za Kapolowe, chombo kitaonyesha gari kama kishale kinachoogelea juu ya ukurasa mtupu. Mahali ni pa kweli kabisa, njia haiko.

Hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Vyombo vinavyouzwa Ulaya kwa kawaida hubeba ramani za Ulaya. Ndugu aliye Brussels ananunua kimoja kwa moyo mwema, analipa dola mia moja ao zaidi, anakituma kwa msafiri wa kwanza. Kinapowashwa Likasi, kinajua mitaa yote ya Ubelgiji, na kuhusu Kongo kinaonyesha barabara kubwa chache ao hakuna. Fundi anaitwa, anakifungua, anakifunga, analipwa. Chombo hakikuwa kimeharibika. Hakikuwa na ramani.

Kuna jambo lingine linalowatisha wenye vyombo vilivyotoka mbali. Chombo kilichozimwa Ulaya na kuwashwa Katanga bado kinafikiri kiko Ulaya, na kinatafuta satelaiti ambazo haziko juu yake. Kusikiliza orodha nzima ya satelaiti kutoka angani huchukua dakika 12 na nusu. Kwa hiyo, siku ya kwanza, kiwekwe mahali pa wazi, gari likiwa limesimama, na kiachwe kwa utulivu. Mtu anayekiwasha ndani ya duka lenye paa la bati na kusema kimekufa, amekihukumu bila kukisikiliza.

Tshangalele ni mtihani mzuri

Anayetaka kujua kama GPS fulani inafaa Haut-Katanga aiulize kuhusu Tshangalele. Katikati ya Lubumbashi, karibu kila ramani itafaulu. Juu ya lami ya kilomita karibu 120 kati ya Lubumbashi na Likasi, hata chombo dhaifu hakipotezi mtu, kwa sababu njia ni moja. Ugumu unaanza pale gari linapoacha lami na kushuka kuelekea ziwa.

Kwanza, ziwa lenyewe lilitengenezwa na watu. Bwawa la Mwadingusha lilizuia mto Lufira, na mtambo wake wa umeme ulianza kazi mwaka wa 1930. Maji yalitandaa juu ya bonde ambalo kabla ya hapo lilikuwa nchi kavu. Ziwa hilo halina kina kirefu, kwa hiyo mvua ikiongezeka ao maji yakipungua, kingo zinasogea mbali. Njia iliyokuwa ngumu na kavu mwezi wa tisa inaweza kuwa matope mwezi wa pili. Mstari wa buluu juu ya kioo cha GPS hausogei. Unabaki pale ulipochorwa, kiangazi na masika.

Pili, majina. Ziwa moja linaandikwa Tshangalele, Changalele ao Shangalele. Wengine wanaliita ziwa la Lufira. Mtu anasikia sauti moja, lakini mashini inahesabu herufi. Anayeandika kwa S anaweza kuambiwa kwamba mahali hapo hapapo duniani. Ramani za zamani nazo zina majina yao: Likasi iliitwa Jadotville hadi mwaka wa 1966, na mtambo wa Mwadingusha ulibeba jina la Francqui.

Tatu, mipaka. Jimbo la Haut-Katanga lilizaliwa mwaka wa 2015, wakati Katanga ya zamani ilipogawanywa na Kolwezi ikawa mji mkuu wa Lualaba. Hapo kuna kipimo cha bure ambacho hakihitaji fundi. Kama chombo kinaonyesha majina ya majimbo na bado kinaweka Likasi na Kolwezi ndani ya jimbo moja la Katanga, ramani yake inaeleza nchi ya kabla ya mwaka wa 2015. Muuzaji anaweza kuapa kwamba ni mpya. Ramani yenyewe imeshatoa ushahidi.

Nne, migodi. Kati ya Likasi, Kambove na Fungurume kuna njia nyingi zinazoonekana vizuri sana kwenye picha za satelaiti, pana na zilizonyooka, kwa sababu malori ya madini hupita humo. Ramani iliyochorwa kutoka angani peke yake inazipenda njia hizo, na GPS itazichagua kama njia za mkato. Dereva anafuata, anafika kwenye kizuizi na walinzi, na anaanza kujieleza alikuwa anatafuta nini ndani ya uwanja wa kampuni. Hakuna sauti ya mashini itakayomsaidia kujibu.

Je, simu haitoshi?

Wapo wanaosema kwamba mjadala huu umepitwa na wakati: kila mtu ana simu, na simu ina GPS. Hoja hiyo ina nguvu na haifai kudharauliwa. Programu kama Organic Maps na OsmAnd zinaruhusu mtu kupakua ramani ya Kongo akiwa mjini, kisha kuitumia porini bila mtandao wowote, na hazimlazimishi kulipa kwa kazi hiyo. Kwa mwenye gari anayeenda ziwani mara mbili kwa mwaka, simu nzuri, ramani iliyopakuliwa mapema na waya wa kuchaji vinatosha. Kumshauri atumie dola mia moja kwa chombo kingine ni kumchezea.

Lakini kuna watu ambao chombo cha kukaa ndani ya gari kina faida ya kweli kwao. Gari la biashara linaloendeshwa leo na huyu na kesho na yule haliwezi kutegemea simu ya dereva. Dereva akiondoka, njia zote alizojifunza zinaondoka naye. Simu iliyowekwa juani nyuma ya kioo cha mbele inapata joto na kujizima, mara nyingi wakati inapohitajika. Inapopigiwa, ramani inajificha. Na betri yake ikiisha porini, dereva amepoteza ramani na pia njia ya kuomba msaada. Chombo cha GPS kilichofungwa ndani ya gari kinabakiza simu kwa kazi yake.

Kwa gari la kituo cha afya, jambo hilo si la starehe. Gari linaloitwa usiku kwenda kumchukua mama mjamzito kwenye kijiji kando ya ziwa, ndani ya zoni ya afya ya Kapolowe, halina muda wa kujaribu njia tatu. Dereva mzoefu anaijua njia. Lakini siku ambayo mzoefu ni mgonjwa na mgeni ameshika usukani, njia iliyorekodiwa na kuhifadhiwa ndani ya chombo inaweza kuokoa saa nzima. Kwa mama anayevuja damu, saa nzima ni nyingi mno.

Mambo ya kuangalia kabla ya kulipa

Mnunuzi anayejiheshimu hatoi pesa kabla ya kukiwasha chombo na kukiuliza maswali machache. La kwanza, akifungue juu ya Likasi na asogeze ramani kuelekea mashariki. Je, anaona mtaa wa Kikula, wa Panda, wa Shituru? Je, anaona Kapolowe mbili ao moja? Kisha aombe njia kutoka Likasi hadi Mwadingusha. Kama chombo kinachora mstari ulionyooka kupita juu ya vilima na maji, ao kinasema hakuna njia, jibu limepatikana.

La pili ni ramani ya kubadilisha. Hapa ndipo jina la kampuni linaanza kuwa na maana. Vyombo vingi vya Garmin kwa miaka mingi vimekubali ramani zilizotengenezwa na watu wengine, zikiwekwa kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu. Kwa njia hiyo mtu anaweza kupakua bure ramani ya Kongo inayotokana na kazi ya OpenStreetMap, ao kununua ramani za Tracks4Africa, zilizojengwa kutokana na nyayo za wasafiri waliopita wenyewe katika njia za Afrika. TomTom kwa kawaida inabaki na ramani zinazotoka kwa kampuni yenyewe. Chombo chake kinaweza kuwa kizuri sana mahali ambapo kampuni inafanya kazi kwa bidii, lakini mwenye gari wa Likasi anabaki akisubiri uamuzi wa mbali. Kwa sababu hiyo, na si kwa sababu ya sifa za kioo, chombo chenye tundu la kadi na kinachokubali ramani ya nje ndicho kinachofaa.

Ahadi ya ramani za bure kwa maisha yote inapashwa kusomwa polepole. Maisha yanayotajwa ni ya chombo, na kampuni ndiyo inayoamua yanaisha lini. Mwaka wa 2018 TomTom ilitangaza kwamba baadhi ya vyombo vyake vya zamani havitapata tena ramani mpya, na kati yao kulikuwa vilivyouzwa pamoja na ahadi hiyo. Anayenunua chombo kilichotumika aulize kama aina hiyo bado inahudumiwa.

La tatu ni tarehe. Mfumo wa GPS huhesabu majuma, na hesabu yake ya zamani inafika 1024 kisha inarudi sifuri. Ilirudi sifuri tarehe 6 mwezi wa nne mwaka wa 2019. Vyombo vingine vya zamani ambavyo havikutengenezewa dawa ya jambo hilo vilianza kuonyesha tarehe ya miaka karibu ishirini nyuma, na vingine vikashindwa kazi. Kwa hiyo mnunuzi wa chombo kilichotumika akipeleke mahali pa wazi, asubiri kipate satelaiti, kisha asome tarehe. Ikiwa ni ya uongo, arudishe chombo na achukue pesa zake.

La nne ni umeme. Betri ya ndani ya vyombo vya gari hudumu muda mfupi, mara nyingi saa moja hivi. Imewekwa kwa ajili ya kuvuka dakika chache, haikuwekwa kwa safari nzima. Kwa hiyo waya wa kuchaji ni nusu ya chombo. Gari dogo linatoa volti 12, malori mengi yanatoa volti 24. Kichaji kilichoandikwa volti 12 peke yake kikichomekwa ndani ya lori kinaweza kuungua, na chombo pamoja nacho. Maandishi hayo ni madogo, lakini yapo kwenye kichaji, na kuyasoma hakuna gharama. Kishikio cha kunyonya kioo nacho kinaanguka kikijaa vumbi, na vumbi la barabara za Kambove halina huruma. Kioo kifutwe kwa maji kwanza.

La tano ni mipangilio. Vyombo vingi vina sehemu ya kuepuka njia zisizo na lami. Mtu aliyekitumia Ulaya aliiacha ikiwa imewashwa, na mwenyeji mpya wa chombo anashangaa kwa nini kinakataa kumpeleka kijiji chochote kando ya ziwa. Sehemu hiyo izimwe. Na saa ya kufika ambayo chombo kinaahidi isichukuliwe kama neno la mwisho. Mashini inahesabu mwendo kutokana na aina ya njia iliyoandikwa kwenye ramani, na haijui kwamba jana mvua imenyesha.

Ikikosewa nambari moja, gari liko Darfur

Dawa ya matatizo ya majina ni nambari za mahali, yaani latitudo na longitudo. Mvuvi ao muuguzi anayetuma nambari hizo kwa ujumbe wa simu ameondoa mabishano yote juu ya Gare na Mission, juu ya T na S. Chombo cha kununuliwa kinapashwa kukubali nambari hizo bila kumzungusha mtu ndani ya kurasa kumi.

Lakini nambari nazo zina mitego miwili. Mji wa Likasi uko karibu na nyuzi 10 na dakika 59 kusini, na nyuzi 26 na dakika 44 mashariki. Dereva anayesahau kuandika kusini na kuacha kaskazini, chombo kitampeleka Sudani, upande wa Darfur. Kosa hilo ni kubwa mno, na kwa hiyo linaonekana mara moja. La pili ni baya zaidi kwa sababu linajificha. Nyuzi 10 na dakika 59 si 10,59. Digrii moja ina dakika 60, kwa hiyo kwa hesabu ya desimali ni karibu 10,98. Anayechanganya namna hizo mbili za kuandika atapelekwa zaidi ya kilomita 40 kaskazini mwa Likasi, ndani ya pori, akiamini kwamba anaenda sawa. Watu wanaotumiana nambari wakubaliane kwanza namna moja ya kuziandika. Kwa ofisi ya afya ao kampuni ya usafirishaji, karatasi moja iliyobandikwa ndani ya gari inatosha.

Jambo lenye faida kuliko yote, na ambalo wauzaji hawalitaji, ni uwezo wa kurekodi njia. Dereva mzoefu akipita mara moja kutoka Likasi hadi ukingo wa ziwa chombo kikiwa kinarekodi, njia hiyo inabaki ndani. Baadaye mgeni anaweza kufuata nyayo zake, hata kama ramani ya kampuni inaonyesha ukurasa mtupu. Kati ya vyombo viwili vya bei moja, kinachohifadhi njia na kukubali kuitoa nje kwa kadi ao kompyuta ni bora kuliko chenye kioo kikubwa na rangi nzuri.

Ramani ya Tshangalele itachorwa na nani?

Hata chombo bora kitaonyesha tu kile ambacho mtu alikiandika. Kwa hiyo mjadala juu ya GPS hauwezi kwisha dukani. OpenStreetMap ilianzishwa Uingereza mwaka wa 2004 kwa wazo rahisi: ramani ya dunia inayochorwa na wakaaji wenyewe na kutumiwa na kila mtu bila malipo. Vijana wa Kongo wamekwisha kuingia katika kazi hiyo. Kilichobaki ni kwamba njia za Kambove, visima, shule, vituo vya afya na vivuko vya Lufira viandikwe na watu wanaovijua, na majina yote ya ziwa yawekwe pamoja ili anayeandika Changalele na anayeandika Shangalele wafike mahali pamoja.

Kazi hiyo haiombi mamilioni. Wanafunzi wa Université de Likasi wenye simu za kawaida wanaweza kurekodi mengi katika likizo moja. Madereva wa zoni za afya wana njia zote vichwani. Makampuni ya migodi yana ramani za kina za maeneo yao. Si lazima watoe siri za madini ili kuonyesha njia ipi ni ya watu wote na ipi ni ya kwao peke yao. Institut Géographique du Congo, ambayo ni mlinzi wa ramani za taifa, na serikali ya jimbo wanaweza kuomba jambo hilo kwa barua. Daraja likivunjika wakati wa mvua, habari ikiandikwa siku ile ile, kila chombo kitakachopakiwa ramani mpya kitajua. Isipoandikwa, hata GPS ya bei kubwa kuliko zote itaendelea kuwapeleka watu kwenye daraja ambalo haliko.

Wapo watakaosema kwamba wazee wa Kapolowe hawakuhitaji satelaiti ili kufika nyumbani. Ni kweli, na dereva mwenye akili hataacha kuwauliza. Kuuliza si ujinga, wala GPS haikuja kufunga midomo ya watu. Mwenda baiskeli anayetoka upande wa ziwa asubuhi anajua hali ya njia ya leo. Chombo kinajua, kama kinajua, hali ya njia ya siku iliyochorwa. Dereva anayesimamisha gari, akasalimia na kuuliza, hajashindwa na mashini. Amepata habari ambayo haiuzwi na kampuni yoyote.

Basi mwenye pesa za kununua GPS azitumie kwa utaratibu. Akague ramani juu ya Likasi na ziwa, ahakikishe inaweza kubadilishwa kwa kadi, asome tarehe, asome volti, ajaribu kuandika nambari za mahali, kisha amtume dereva anayejua njia apite nacho mara ya kwanza kikiwa kinarekodi. Baada ya hayo yote, kama bado ana vyombo viwili mkononi na hajui achague kipi, hapo anaweza kutazama jina la kampuni. Na njia iliyorekodiwa isibaki ndani ya gari moja. Ipelekwe kwenye ramani ya wote, ili dereva mwingine atakayeandika Kapolowe kesho aulizwe kwanza: Gare ao Mission?